Kavu, Si Tamu

Kijiji cha Ruanda, Umatengo, 17 Aprili 1995, Jumatatu ya Pasaka

Leo ukoo umemaliza matanga ya Methodi. Pombe ilikwisha mapema na wageni wakaondoka mapema zaidi. Mwanamume aliyeng'oa mikahawa ya babu yake hapa Umatengo hapati waombolezaji wengi.

Walipobaki wenyewe, baba mkwe wangu, Mzee Alphonce, aliniita nikae mbele yao. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ninaouogopa. "Mwanangu alikata kahawa akapanda mizabibu, kamba tupu. Amekufa, sitamsema. Wewe nakupa msimu huu mmoja. Kamba hizo zikilisha nyumba kama kahawa ilivyolisha, shamba ni lako. Zisipolisha, linarudi kwa Nazari. Na wewe utachagua, ubaki kwa Nazari akurithi, au urudi kwenu ziwani. Lakini Beata ni mtoto wa ukoo. Beata habanduki hapa."

Nazari ni mdogo wa marehemu. Ana mke, Tereza, na watoto wamejaa nyumba. Muda wote alikuwa ameinamisha kichwa anachora chini kwa kijiti, nami nikajisemea, huyu anagawa shamba langu matuta. Beata wangu, miaka minane, alikuwa amelala kwenye mkeka ubavuni mwangu, hajui kwamba amewekwa rehani.

Sista aliyetulea unovisi alitaka kila mmoja aandike mambo ya siku yake, ili dhamiri isishike vumbi. Utawa ulinishinda kwa sababu ya ulimi wangu na kwa sababu ya Methodi, lakini kuandika hakukunitoka. Msimu huu nitauandika.

21 Aprili

Nimeanza kupogoa. Methodi alinifundisha mwaka jana, alipokuwa bado anasimama bila fimbo. Kila tawi libaki na macho mawili tu, usihurumie, ukihurumia unavuna majani. Mkahawa unataka kubembelezwa, alisema, lakini mzabibu unataka mtu mwenye roho mbaya kidogo, na ndiyo maana alinioa. Nilicheka wakati ule.

Aina hii inaitwa Sira. Alileta pingili zake kutoka Dodoma, alikofanya kazi kwenye mashamba ya zabibu, amezifunga kwenye gunia bichi. Si zabibu za kula. Punje ni ndogo, ngozi nene, mbegu tele, na rangi yake ikishika kanga haitoki. Mwaka jana alikamua kidogo ndani ya dumu, tukaiacha ichachuke, akanipa nionje. Nilihisi pilipili manga, halafu uzito, halafu ulimi wote ukakunjamana kama nimetafuna ndizi mbichi. Nilimwambia imeharibika. Alicheka mpaka akakohoa, akasema hiyo ndiyo yenyewe, watu wa mijini wanailipia.

3 Mei

Mvua bado. Matawi niliyokata yanadondosha maji mchana kutwa. Methodi alisema ndiyo kawaida yake.

12 Mei

Nina hasira.

Chipukizi zilikuwa zimefika urefu wa kidole, na ndani ya kila moja unaona kishada kidogo kimejikunja. Asubuhi nilikwenda kisimani, niliporudi nikamkuta Nazari shambani, amemaliza mistari miwili. Amezikwanyua zote. Chipukizi zangu zilikuwa chini kama mboga iliyochambuliwa.

"Umefanya nini, shemeji?"

"Nimekuondolea maotea," alisema. "Yalikuwa yamezidi. Yananyonya mti."

Nilimtukana. Niliyoyasema siyaandiki, Sista asingependa. Nilimwambia aseme wazi kwamba anataka shamba, asijifiche nyuma ya maotea. Alifuta mikono kwenye suruali akaondoka, na Tereza alikuwa amesimama kwenye mpaka akisikia kila neno.

14 Mei

Nimewaza. Kwenye mkahawa, chipukizi zinazotokea kwenye shina ni maotea kweli, na mkulima mvivu ndiye anayeziacha. Kahawa huzaa kwenye tawi la mwaka jana. Sira huzaa kwenye chipukizi za mwaka huu. Nazari aliufanyia mzabibu wangu wema uleule anaoufanyia mti wake.

Au anajua kuigiza ujinga. Bado simwamini.

30 Mei

Mvua zimekwisha. Baridi.

11 Juni

Nazari alikuja, akasimama mpakani kama mgeni. "Shikamoo" ya mtoto wake aliyembeba ilinilazimu nimjibu, na baada ya hapo sikuweza kuendelea kununa. Akauliza kama anaweza kuja kuona vile vinavyozaa vinazaaje. Nikamwonyesha. Alipiga magoti, akafunua jani, akaona maua ya kishada, madogo mno, hayana hata rangi.

"Kwa hiyo nilikukatia chakula," alisema.

"Mistari miwili."

"Siku ile ya matanga nilimwambia baba shamba silitaki. Langu linanitosha na linanishinda. Akaniambia ninyamaze."

Sikujua hilo. Kumbe kile kijiti kilikuwa cha mtu aliyenyamazishwa.

24 Juni

Msimu wa kahawa umeanza. Wanunuzi binafsi wanapita na pikapu zao na mizani iliyofungwa kamba, kila mmoja ana bei yake na kila mizani ina dini yake. Ghala la ushirika limefungwa, popo ndio wanachama. Mzee Alphonce anauza kwa huyu leo, kesho anamlaani. Zamani kung'oa mkahawa kulikuwa na faini, bwana shamba anakuja na daftari. Siku hizi hakuna anayekuja, wala wa kukutoza wala wa kukusaidia.

2 Julai

Unga mweupe juu ya vishada. Ni ugonjwa, Methodi aliniambia ukiuona usilale.

9 Julai

Nazari alikwenda Tunduru kwa shughuli ya mjomba wake, akarudi na salfa ile wanayopulizia mikorosho. Hakuniuliza, hakunidai. Tumepuliza pamoja, tumefunga vitambaa usoni, tukarudi tunanuka mayai mabovu. Beata alikataa kula karibu nami.

26 Julai

Zinageuka rangi. Si zote mara moja. Punje moja nyeusi katikati ya kijani, kesho yake tatu, halafu kishada chote kinafanana na jicho la ng'ombe. Naamka kuzitazama kabla sijaosha uso. Nilikuwa nazitunza kwa sababu ya Beata tu. Sasa nazipenda zenyewe, na jambo hilo linanitia hofu.

5 Agosti

Nurdini mwenye duka, ambaye babu yake alitoka Kilwa, anakwenda Songea kila wiki na Land Rover yake. Huko yupo bwana mmoja, Clemence, aliyekodi ghala tupu akaweka mapipa, anataka kutengeneza divai. Nimempa Nurdini vishada viwili vilivyotangulia kuiva ampelekee.

Nazari amefukuza ndege mchana mzima kwa debe.

13 Agosti

Nurdini amerudi na habari njema. Naiandika kama alivyoisema, nikiwa nimesimama mbele ya kaunta yake na mkewe Hasna akipima sukari.

"Mama Beata, yule bwana amezipenda. Alizitafuna na mbegu zake akafumba macho. Anakuja na lori tarehe ishirini na tatu mwezi ujao, anachukua zote. Anasema ziwe tayari. Na anataka kavu, si tamu."

"Kavu?"

"Kavu. Alirudia, nami nikarudia mbele yake nisisahau. Kavu, si tamu. Za tamu, anasema, zimejaa kila mahali."

"Kavu kwa ajili ya nini?"

Nurdini alikuna shingo, akatazama mlango. "Kwa hiyo shughuli yake." Kile kinywaji hakitaji kamwe. Hata jina la Sira halitamki, anasema kwao ni neno la habari za Mtume, halifai kutiwa kwenye pipa. Anaziita zile nyeusi. Mimi nampenda kwa hilo. Siku hizi kila kitu kina bei, na yeye amebaki na kitu kimoja asichokiuza.

14 Agosti

Zabibu kavu nazijua, ni zile za kwenye pilau la Hasna siku ya Idd. Lakini divai? Nimemuuliza Nazari.

"Shemeji, mnunuzi gani ananunua maji?" alisema. "Umeona kahawa inauzwa mbichi? Akichukua mbichi atajaza lori kwa mstari mmoja, na barabara ile zitafika uji. Anataka mzigo mwepesi. Maji ataongeza mwenyewe kwake."

"Lakini zikikauka zinazidi kuwa tamu. Yeye amesema si tamu."

"Na kahawa ikikauka inanuka? Hainuki. Harufu inatokea huko kwao wakiikaanga. Kila mnunuzi ana siri yake, sisi kazi yetu ni kukausha. Na kukausha," hapa alicheka, mara ya kwanza namwona akicheka mwaka huu, "kukausha ndiyo kazi tuliyozaliwa nayo."

Maneno yake yana akili. Nilitaka kwenda Songea mwenyewe nikaulize, lakini nani atalinda ndege, na nani atakaa na Beata?

27 Agosti

Zimeiva, na punje zimeanza kunywea zenyewe zikiwa mtini. Nazari anasema unaona, zenyewe zinataka kukauka.

4 Septemba

Tumevuna. Ukoo mzima ulikuja isipokuwa Mzee. Tereza alikata vishada tangu umande mpaka jua kali, vidole vyake vikawa vyeusi, akasema kwa utani wa wake za ndugu, "Mke mwenza, leo tumeua mtu." Madebe yalipangwa uani mpaka sikuwa na pa kupita. Beata alikula mpaka akaumwa tumbo. Kama Methodi angekuwa hai angeniudhi kwa majigambo. Nimelia kidogo jikoni.

5 Septemba

Nazari ameleta vichanja vyake vyote vya kuanikia kahawa. Kahawa yake mwenyewe ameirundika kwenye gunia isubiri. Tereza aliliweka gunia lile chini kwa kishindo.

9 Septemba

Anazigeuza kila saa kwa kiganja, hataki reki, anasema reki inapasua. Mchana wa jua kali anazifunika, jioni anafunika tena. Sijaona mtu akishika kitu kwa adabu namna hiyo. Kahawa yake ndani ya gunia imeanza kutoa harufu mbaya. Nilimwambia, akasema kahawa ipo kila mwaka.

Nilimwomba msamaha kwa matusi ya mwezi wa Mei. Akasema alishasahau. Najua hakusahau.

16 Septemba

Lori la kampeni limepita na vipaza sauti, limeahidi bei ya kahawa. Vumbi lake limetua kwenye zabibu. Tumezipangusa kwa kitambaa punje moja moja, mimi na Tereza.

22 Septemba

Tayari. Zimekunjamana, nyeusi, tamu mpaka zinawasha koo. Madebe yale yote yamekuwa magunia machache. Mzee Alphonce alipita kwa mara ya kwanza, akachukua punje moja, akaing'ata kwa jino kama wanavyong'ata kahawa kujua imekauka.

"Imekauka," alisema.

Kutoka kwake hiyo ni sifa. Nazari alisimama wima kama mtoto aliyefaulu.

23 Septemba

Naandika nikiwa sijala tangu asubuhi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Lori lilifika saa nne. Bwana Clemence ni mtu mnene mwenye sauti ndogo, alishuka na kreti tupu zimepangwa hadi juu, na maturubai ya kuloanisha maji ili zabibu zisipate joto njiani. Niliyaona maturubai yale nikageuka kuyatazama magunia yetu. Nurdini alikuwa ametangulia na Land Rover yake kumwonyesha njia. Tukasalimiana. Mzee Alphonce aliwekewa kiti.

"Haya, mama, twende shambani tuvune," alisema Clemence. "Nimekuja na vijana wa kukata."

"Tumeshavuna," nilisema. "Ziko tayari."

Nazari akafungua gunia la kwanza. Clemence alitazama ndani, akaingiza mkono, akautoa. Akatazama la pili. Alivua kofia.

"Nani aliwaambia mzianike?"

"Wewe," nilisema. "Ulisema unataka kavu."

"Nilisema divai, mama. Divai kavu." Aliongea taratibu kama mtu anayemwambia mwenzake habari ya kifo. "Si zabibu. Divai ndiyo inakuwa kavu. Sukari yote inaliwa ndani ya pipa, hakuna utamu unaobaki, ulimi unakauka. Ya altare ni tamu. Mimi nataka hiyo kavu, nzito, na zabibu zenu ndizo hasa za kazi hiyo. Nilisema ziwe zimeiva. Nilisema tarehe, ili tukate siku hiyohiyo."

Ulimi. Mimi ndiye niliyeonja. Mimi peke yangu kati ya watu wote waliokuwa uani pale niliwahi kunywa divai kavu, nikasikia ulimi wangu unakauka, na nikakosa jina lake.

Nilimgeukia Nurdini. Alikuwa amekaa kwenye bampa la gari lake, ameshika kichwa. "Alisema hilo neno," alisema. "Wallahi alisema. Alisema fulani kavu. Mimi lile la kwanza silitamki, nikaliacha. Nikadhani linajulikana."

Hakuna aliyemkemea. Kuna wa kumkemea? Alikataa kusema neno moja kwa ajili ya Mungu wake, na Nazari akakausha kwa ajili yangu, na kila mtu alifanya vizuri kabisa alichokijua.

"Hazifai hata kidogo?" aliuliza Nazari.

"Mimi sina ufundi wa zabibu za namna hii," alisema Clemence. "Na zina mbegu, hata mla pilau hatazitaka. Pole sana, mama. Mwakani nitakuja tena. Mwakani nitakuja mwenyewe kabla ya mavuno."

"Mwakani," alisema Mzee Alphonce kutoka kitini.

25 Septemba

Nurdini amechukua magunia yote akayaweka dukani aniuzie, hataki kusikia nikikataa. Hasna amesema wateja wanarudisha, wanavunja meno.

Kahawa ya Nazari imevunda.

1 Oktoba

Ukoo umekaa. Nazari alisimama, na mbele ya baba yake mtu hasimami hivihivi.

"Kosa ni langu," alisema. "Shemeji alitaka kwenda kuuliza. Mimi ndiye niliyesema tukaushe. Mpeni msimu mmoja tena."

"Msimu ulikuwa mmoja," alisema Mzee. "Wewe umepoteza kahawa yako kwa hizo kamba, na bado unaziombea."

Nilipiga magoti, mimi ambaye hata kwa Mama Mkuu wa watawa nilipiga kwa shingo upande. Nikamwambia achukue shamba, achukue nyumba, achukue na bati, aniachie Beata niende naye Lundo kwa mama yangu. "Baba, nakuomba mtoto tu."

"Mtoto nimeshakuambia," alisema, kwa upole uleule.

Ninamchukia Mzee Alphonce, nayaandika haya bila kujificha. Nazari nilitaka kumchukia pia, ingekuwa rahisi kwangu. Nimeshindwa. Mwezi wa Mei alikuwa hana nia mbaya nikamwona adui, na siku nilipomwamini ndipo aliponimaliza, naye bado hakuwa na nia mbaya.

Nimesema nitabaki.

4 Oktoba

Nimekwenda kwa Padre. Ni kijana, alinionea huruma kweli. Alisema kama ningepewa shamba na kubaki mjane, sawa. Lakini nikiishi na mume wa ndoa ya mwingine, sitapokea Komunyo. Nikamuuliza kama ana njia ya kumwambia Mzee Alphonce. Alisema amekwisha kumwambia, mara mbili.

6 Oktoba

Tangu niolewe, mimi na Tereza tunaitana mke mwenza, kama desturi ya wanawake walioolewa na ndugu wawili. Lilikuwa neno la kisimani, la utani, la kuombana chumvi. Leo alikuja uani, akasimama, akafungua mdomo aniite, likamkwama.

"Hildegardi," alisema. Hajawahi kuniita kwa jina langu.

"Karibu."

"Utapika jikoni kwangu, au nimwambie akujengee lako?"

"Anijengee."

"Afadhali," alisema. Tukakaa. Kabla hajaondoka alinisaidia kuchambua maharage.

12 Oktoba

Tumeng'oa Sira. Mzee ametaka miche ya kahawa ishike ardhi mvua zikianza. Nazari alichimba kila shina peke yake, hakutaka msaada. Mizizi ilikuwa imekwenda chini kuliko tulivyodhani, mingine ilibidi ikatwe.

15 Oktoba

Nimehamia.

22 Oktoba, Jumapili

Leo Beata amepokea Komunyo ya kwanza. Gauni nilimshonea kwa shuka la unovisi wangu, kitambaa kizuri, hakijapauka. Kanisa lilijaa mpaka nje. Nazari alikaa upande wa wanaume. Tereza alikaa benchi moja nami, na watoto wake.

Watoto walipomaliza, wakaanza watu wazima. Benchi letu lote lilisimama, nikakunja magoti pembeni ili wapite. Tereza alipita mbele yangu bila kunitazama, nikamshukuru. Nilitazama sakafu mpaka nilipoona viatu vyao vinarudi.

Njiani Beata alinishika mkono. Alitembea kwa uangalifu sana, kama amebeba maji.

"Mama, mbona hukuja kupokea?"

"Nilikula kabla hatujatoka," nilisema. "Ukiwa umekula hupokei."

Alifikiri kidogo.

"Lakini hatukula, Mama. Uliniambia tusile wote, tupokee pamoja."

Nikamwambia anyanyue gauni, njia ina vumbi.